Waya Katika Meno: Usiwajengee Mikrobi Nyumba



Pengine mtoto wako amerudi Baraka kutoka kwa munganga wa meno, akiwa na vibati na waya vilivyogandishwa juu ya meno ili yanyooke. Atakaa navyo mwaka mmoja, miwili, hata zaidi. Kazi hiyo ni ya feza nyingi, na uchafu unaweza kuanza kuiharibu kwa mwezi mmoja tu.

Kinywa cha kila mtu kina mikrobi. Mwenye kuosha dhahabu Misisi anajua: penye kizuizi, ndipo mchanga hutua. Kando ya kila kibati ni vilevile. Mabaki ya bugali, mkate na biskuti hukwama hapo, na mikrobi huzaana. Mmoja mbaya anaitwa Streptococcus mutans. Munganga Clarke wa London alimweleza tangu mwaka 1924. Akipata sukari, kwa dakika chache anatoa asidi inayolegeza ganda gumu la jino.

Usingoje maumivu. Alama ya kwanza ni doa jeupe kama chokaa, kando ya kibati. Linaweza kuonekana baada ya wiki 4. Mwaka 1982 wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba karibu nusu ya watu waliowekewa waya walikuwa na doa hilo, hata kama ni katika jino moja. Waya ikitolewa, mara nyingi doa linabaki. Likiachwa, linaweza kuwa tundu.

Basi fanyeni hivi:

1. Piga buroshi asubuhi na usiku kabla ya kulala, juu ya waya na chini yake, jino kwa jino. Msuaki peke yake haufiki huko.
2. Tumia dawa ya meno yenye fluoridi. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi.
3. Soda na chai ya sukari ziende pamoja na chakula, si kila saa. Usitafune muwa: vibati vitabanduka.
4. Fizi zikitoa damu, usiache buroshi. Safisha polepole, kisha umuone munganga.

Wewe uliyevunjika taya kazini ukafungwa meno kwa waya, shauri hili ni lako pia.

Kila Jumapili mwite mtoto penye mwangaza, umtazame kinywa. Meno yaliyonyooka na kuoza yana faida gani?