Reli ya Nanyuki na Madaraja Yake

Mtu wa Othaya akitaka kuona gari la moshi, hana budi kuvuka mto Gura na kwenda mpaka Kiganjo, kwa maana reli haikuletwa kamwe katika vilima vya Othaya. Hata mji wa Nyeri haukuipata: stesheni iliyopewa jina la Nyeri iko huko Kiganjo. Walakini maji ya Gura yakisha kuingia mto Sagana hupita chini ya daraja la reli hiyo.

Reli ilifika Thika kutoka Nairobi mwaka 1913. Siku zile iliitwa tramu, ingawa ilivutwa na injini za moshi kama reli kuu ya Mombasa. Katika miaka ya 1920 ilisogezwa Murang'a, Sagana na Karatina, na mwaka 1930 ikafika Nanyuki. Ilikusudiwa hasa kuwafaa walowezi. Lakini soko la Karatina lilikua kando yake, na wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za wakulima kwa chakula cha askari.

Baadaye malori yakashinda. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na mwanzoni mwa karne hii njia ya Nanyuki ilikuwa imelala. Majani yalifunika mataruma, vibanda vya wachuuzi vikasimama juu ya njia, na wezi waling'oa vyuma wakaviuza kwa kilo. Daraja lisilopitiwa halina mlinzi. Injini kuukuu yaweza kupelekwa Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, daraja halibebeki.

Mwaka 2020 askari wa jeshi, Vijana wa Huduma kwa Taifa na Shirika la Reli la Kenya waliitengeneza njia ile ile ya zamani kutoka Thika hadi Nanyuki, kilometa 178, kwa gharama ya shilingi zipatazo bilioni 1.8. Kabla ya mwaka kwisha gari la abiria lilikuwa limerudi Nanyuki. Wachuuzi waliamriwa kuondoa vibanda vyao, na manung'uniko yao hayakuwa ya bure, kwani mtu aliyeachwa akiuza mahali pamoja miaka mingi hustahili kuonyeshwa mahali pengine. Wezi wa vyuma nao hawakukoma. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini, ikaja kuruhusiwa tena mwaka huo huo kwa masharti.

Basi madaraja yamepona kwa sababu yana kazi, na kazi hiyo yategemea mizigo. Hapo ndipo mkulima wa Othaya anapouliza: kahawa ikisha kupakiwa katika lori, ya nini kuishusha Kiganjo na kuipakia mara ya pili?