Upasuaji wa Mfupa: Mchango Usiishie Mlangoni pa Thieta

Sote tumewahi kupata ule ujumbe kwenye grupu la familia. Kijana wa bodaboda ameanguka njia ya Marafa, paja limevunjika, yuko Malindi hospitali na daktari amesema lazima atiwe chuma. Mchango unaitishwa, pesa zinaingia siku mbili tatu, upasuaji unafanyika, halafu grupu linanyamaza. Mgonjwa anarudi Gongoni na magongo yake, na mfupa wa paja huchukua kama miezi 3 hadi 6 kuunga vizuri. Muda huo wote hapandi pikipiki, haingizi kitu, na kliniki anadaiwa kwenda.

Kwa hivyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: gawa mchango mapema, kabla haujaisha. Fungu moja la hospitali, lingine la nyumbani.

Anza na SHA. Piga *147# uone kama mgonjwa amesajiliwa na amelipa. Wasio na ajira rasmi hulipia mwaka mzima mapema, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kisha uliza hospitali swali ambalo wengi husahau: hicho chuma na skrubu zake viko ndani ya bima, au tunanunua wenyewe? Ukijua leo, hutashtuka usiku wa kuamkia upasuaji. Uliza pia kama wanataka ndugu watoe damu.

Ukilipa, lipa moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya hospitali badala ya kutoa keshi kwa wakala. Unaokoa ada ya kutoa, na ule ujumbe wa uthibitisho ndio risiti yako. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Matapeli nao husoma matangazo ya michango kule Facebook. Mtu akikupigia akisema, "Mimi ndiye daktari, tuma haraka kwa laini hii," kata simu, nenda mwenyewe kwa dirisha la malipo.

Halafu kuna mambo ya simu ya mgonjwa. Tunajua ilivyo: anaingia thieta, anamwachia shemeji simu na PIN yake. Tafadhali, usifanye hivyo hata kama shemeji ni mtu mzuri. Mtumie anayekuuguza kiasi cha siku mbili tatu kwenye laini yake mwenyewe, na yako uizime.

Usiku kabla ya upasuaji utaambiwa saa ya kuacha kula na kunywa. Fuata saa hiyo bila kujipunguzia, kwa sababu chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu ukiwa umelala kwa nusukaputi. Mwambie daktari wa ganzi ukweli wote: sigara, mitishamba uliyokunywa nyumbani, na muguka. Kaunti ya Kilifi ilitangaza kupiga marufuku muguka mwaka 2024, na wapo wanaoficha kwa hofu ya kugombezwa. Daktari hakupeleki polisi. Anataka kujua kwa kuwa muguka huongeza mapigo ya moyo na presha. Na sigara huchelewesha mfupa kuunga, kwa hivyo hata baada ya kutoka wadi, iache.

Ukirudi nyumbani, nauli ndiyo inayokula pesa. Nyuzi huondolewa kama siku 10 hadi 14, kisha eksirei, kisha mazoezi ya fizio. Mguu haujikunji, kwa hivyo bodaboda hapana, na matatu iliyojaa ni taabu. Mara nyingi ni kukodi tuktuk au gari, na wewe na mtu wa kukushika mkono. Zidisha hiyo nauli kwa idadi ya kliniki, uweke jumla yake kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, isije ikaliwa na unga wa sima. Mazoezi hayana mbadala: goti lisipokunjwa hukakamaa, na chuma kizuri hakiwezi kulinyoosha. Lakini usikanyage kwa uzito wote hadi uruhusiwe, na usipeleke mguu wenye chuma ukandwe na kuvutwa.

Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au ndama ya mguu ikavimba na kuuma, usingoje siku ya kliniki. Ukibanwa kifua au pumzi, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni kukopa nauli.

Na kila kliniki ikiisha, uliza tarehe inayofuata, utenge nauli yake siku hiyohiyo, kabla hujavuka daraja la Sabaki kurudi nyumbani.