Kabla ya Bei, Uliza Warithi

Mtu akikwambia anauza gorofa katika nyumba kongwe ya Amu, yenye ngazi yake peke yake na kitalu chake cha ukuta, usimuulize bei kwanza. Muulize walioirithi ni wangapi.

Mpwa wangu aliletewa mali kama hiyo, akaniita niitazame, kwani, asema, "Mjomba wazijua nyumba za mawe." Naam, nyumba ni nzuri. Kuta ni za matumbawe, nene, zimepakwa chokaa. Dari ni ya boriti za mikoko. Mgeni huona vyumba vyembamba akadhani mjenzi alibana. La! Boriti ndiyo ipimayo upana, nao hauzidi mita 3 hivi. Ukubwa wa nyumba zetu umo katika urefu, msana baada ya msana hadi ndani, ambako zidaka zimejaa ukuta mzima. Na ukuta huo hubomoi upendavyo, kwani mji mkongwe wa Amu ni urithi wa dunia tangu 2001.

Ubavuni pana kitalu. Hapo zamani palisimama nyumba nyingine, ikaanguka, kuta zikabaki, ndani pakamea mndimu, mkomamanga na asumini. Roho ya mpwa wangu ilitua hapo.

Mtu wa bara huenda akastaajabu gorofa kuwa na mwenyewe mbali na wa chini. Kwetu si jambo geni. Baba aliyejaaliwa binti alimjengea gorofa juu ya nyumba yake, na penginepo akavuka njia kwa wikio. Sheria ya mwaka 2020 ya kuipa gorofa hati yake imetukuta tumo.

Wauzaji walikuwa ndugu wawili wanaume, maneno yao matamu na haraka yao kubwa: yuko Mzungu, walisema, aliye tayari. (Halikunitisha hilo. Kwa Katiba ya 2010 asiye raia hamiliki ardhi ila kwa kukodi, miaka 99 ikizidi sana.) Nikauliza, "Na dada yenu?" Wakatazamana. "Yuko Mombasa," akasema mkubwa, "ameolewa huko." Kama kwamba kuolewa kwavunja urithi!

Hesabu ni ya chuoni. Baba amekufa, mama amemfuata, wamebaki wana wawili wa kiume na binti mmoja: mafungu matano, kila mwanamume mawili, binti moja. Fungu hilo si hisani ya kaka zake. Tena kuna shufaa. Katika madhehebu yetu ya Shafii shufaa ni ya mshirika, si ya jirani, katika ardhi inayogawika. Kaka wakimuuzia mtu wa nje mafungu yao ya kitalu, dada aweza kuyatwaa kwa bei ile ile.

Nilimwendea Mombasa. Alinikaribisha kwa kahawa na halua, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Gorofa nauza, ndugu yangu, magoti hayapandi tena ngazi zile. Kitalu siuzi. Mafungu ya kaka zangu nitayalipa mimi, dhahabu yangu ninayo."

Mpwa wangu alinuna siku tatu, kisha akakubali, na bei ikashuka. Hati yaandikwa sasa, majina ya wauzaji matatu. Bibi amemtumia salamu: yeye yuko mbali, basi amwagilie mndimu, na ndimu achume.