Punguza Chumvi, Ongeza Majani: Ladha Iko Shambani Mwako

Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, mboga ikikosa ladha mkono huenda kwanza kwenye kopo la chumvi, kisha kwenye vidonge vya mchuzi. Ilhali hatua chache kutoka jikoni huenda kuna dania, kitunguu jani, mchaichai au kichaka cha rozimari. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuyatumia majani hayo mabichi ili chakula kiwe kitamu na chumvi ipungue.

Kwa nini tupunguze chumvi?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haipigi hodi. Mtu hulima, huchuma chai na kwenda sokoni bila maumivu yoyote, hadi siku anapopatwa na kiharusi, au moyo na figo zinaposhindwa kufanya kazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Jipime nyumbani: familia ya watu wazima watano ikimaliza pakiti ya nusu kilo kwa chakula kabla ya siku 20, chumvi imezidi. Hapo bado hatujahesabu iliyo kwenye mkate, soseji na vidonge vya mchuzi. Watoto wanahitaji kiasi kidogo zaidi.

Magadi pia ni ya kuangaliwa. Yana sodiamu, kitu kilekile kilicho kwenye chumvi kinachopandisha presha. Zaidi ya hayo, ingawa hulainisha mboga haraka, huharibu vitamini C.

Kila jani na wakati wake

Dania: kata mashina madogo madogo uyakaange pamoja na kitunguu, kwa kuwa yana ladha nyingi. Majani yatie mwishoni, sufuria ikiepuliwa. Yakichemka sana harufu hupotea.

Kitunguu jani: sehemu nyeupe hukaangwa mwanzoni, ya kijani hutiwa mwishoni.

Rozimari: hii ni ngumu na ina nguvu. Kijiti kimoja kinatosha kilo moja ya nyama au viazi. Kiweke mapema, kisha ukitoe kabla ya kupakua.

Mchaichai: ponda shina ulitie kwenye chai au supu ya kuku.

Tangawizi, kitunguu saumu na ndimu si majani, lakini husaidia sana. Uchachu wa ndimu hufanya ulimi usiulizie chumvi.

Chinsaga bila chumvi nyingi

Wengi huchemsha chinsaga kwa muda mrefu na kumwaga maji ili uchungu utoke. Maji hayo huondoka na sehemu ya vitamini. Jaribu hivi:

1. Osha majani yakiwa mazima, kwa maji safi, kisha ndipo uyakate.
2. Changanya chinsaga na enderema au majani ya maboga ili kupunguza uchungu.
3. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na mashina ya dania kwa mafuta kidogo. Mafuta husaidia mwili kupata vitamini A iliyo kwenye mboga.
4. Tia mboga na maji kidogo, funika, upike hadi zilainike. Ongeza maziwa ukipenda.
5. Epua, tia majani ya dania na matone ya ndimu. Onja kwanza, kisha ndipo uongeze chumvi, kama bado inahitajika.

Ndimu ina faida nyingine: husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo isinywewe pamoja na obokima na mboga. Subiri angalau saa moja baada ya kula.

Kupanda mahali padogo

Mashamba yetu ni madogo, lakini gunia moja lililojazwa udongo na mbolea ya ng'ombe linatosha. Mbegu za dania zivunje mara mbili, uzipande papo hapo bila kuhamisha miche. Huanza kuvunwa baada ya wiki tano au sita hivi. Kitunguu jani ukikikata na kuacha urefu wa vidole viwili, huchipua tena. Rozimari hupandwa kwa kijiti. Maji yaliyooshea mboga yanatosha kunyweshea. Ukipulizia dawa, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma.

Mambo ya kukumbuka

Punguza chumvi kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Chumvi inayobaki iwe yenye iodini, na isiwekwe mezani.

Majani haya hayatibu presha. Anayemeza dawa asiziache bila ushauri wa daktari. Na kama hujapimwa mwaka huu, nenda zahanati iliyo karibu au muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kupima huchukua dakika chache tu.