Kuki Iliyokataliwa: Usikimbilie Kukilaumu Kivinjari

Wasimamizi wa WordPress yenye tovuti nyingi ndani ya usakinishaji mmoja wanaijua kadhia hii: mtumiaji anaandika jina na nywila yake sahihi, anabofya, kisha anaambiwa kuki zimezuiwa au kivinjari chake hakizikubali. Naye hutii. Atafuta kuki zote, atahamia kivinjari kingine, hata simu ataizima na kuiwasha, na bado mlango haufunguki. Kwenye mitandao ya aina hii ujumbe huo mara nyingi humsingizia asiyehusika, kwa kuwa kosa liko kwenye seva, iliyotoa kuki kwa jina la kikoa kisicho cha ukurasa uliofunguliwa.

Hebu tuangalie WordPress inavyofikia hukumu yake. Ukurasa wa kuingia unapofunguka, seva hutuma kuki ya majaribio iitwayo wordpress_test_cookie. Fomu ikirudi na nywila, programu huitafuta kuki ile, na isipoiona hukitia kivinjari hatiani bila kuuliza imekataliwa kwa nini. Sababu yenyewe imo katika kanuni za RFC 6265 za mwaka 2011: seva inaruhusiwa kutoa kuki kwa anwani yake au kwa kikoa mama kilicho juu yake, basi. Seva ikijibu kwa anwani ya habari.example.com na kuandika Domain=.example.com, kuki itapokelewa. Ikiandika maneno hayohayo wakati mtumiaji yuko example.org, kivinjari huitupa kimyakimya, na kina haki. Sasa, mtandao uliojengwa kwa vikoa tanzu, usipoelekezwa vinginevyo, huandika kikoa kikuu kwenye kila kuki. Na tangu toleo la 4.5 la mwaka 2016 msimamizi anaweza kuipa tovuti yoyote kikoa chake kamili bila programu-jalizi. Ndiyo maana malalamiko huanza mara tu tovuti moja inapohamia jina jipya, huku watumiaji wa vikoa tanzu wakiendelea kuingia kama kawaida.

Tiba ni mstari mmoja ndani ya wp-config.php, juu ya ule unaoita wp-settings.php: define('COOKIE_DOMAIN', $_SERVER['HTTP_HOST']); Lakini kwanza hakikisha COOKIE_DOMAIN haijatajwa tayari humo au katika sunrise.php iliyosahauliwa tangu enzi za programu-jalizi za vikoa, maana PHP hushika thamani ya kwanza na kuipuuza ya pili.

Atakayesema kwamba vivinjari kweli huzuia kuki hakosei. Ila kizuizi cha namna hiyo humpata mtu mmoja kwenye kifaa kimoja. Wakikwama wote, tena kwenye tovuti ileile, shaka ihamie kwenye seva. Huna haja ya kubahatisha: fungua zana za wasanidi ndani ya Chrome, pakia upya ukurasa wa kuingia, usome mstari wa Set-Cookie. Kuki iliyokataliwa huwekewa alama ya onyo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba tiba hii ina gharama: kila tovuti itakuwa na kuki yake, kwa hiyo mwandishi aliyezoea kuingia mara moja na kuzunguka vikoa tanzu vyote atadaiwa nywila kila anakokwenda. Kwa mtandao usio na kikoa hata kimoja cha nje, mimi nasema usiuweke mstari huo kabisa.

Upo pia ujumbe unaofanana na huu, unaosema kuki zimezuiwa kwa sababu ya matini yasiyotarajiwa. Huo hauhusiani na vikoa. Kuki husafiri katika vichwa vya jibu la HTTP, kabla ya ukurasa wenyewe, hivyo nafasi moja tupu kabla ya <?php, au baiti tatu za BOM ambazo kihariri hakikuonyeshi, hutosha kuvifunga vichwa hivyo mapema. Anza na faili uliyoihariri mwisho, uihifadhi upya kama UTF-8 isiyo na BOM, kisha ujaribu kuingia tena.