ALAMA NDOGO ZILINDAZO NJIA ZA INTANETI

Mtu aliye Bariadi akiuliza njia ya kwenda Mwanza, ataambiwa: Lamadi, Magu, Mwanza. Jina la kwanza ni la mahali pa karibu. La mwisho ni la mahali aendako. Intaneti nayo hutaja njia zake vivyo hivyo, ila kwa namba. Kila mtandao mkubwa una namba yake: Seacom, ambayo mkongo wake wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, ni 37100, Google ni 15169.

Mitandao hupashana habari za njia kwa mashine ziitwazo ruta. Lakini si kila njia yafaa kupokewa au kutangazwa. Kwa hiyo fundi huiwekea ruta bawabu, nayo ni ruwaza, yaani mfano wa maandishi ambao kila orodha ya namba hulinganishwa nao.

Alama zake ni chache: ^ ni mwanzo wa orodha, $ ni mwisho, na _ ni mpaka wa namba. Basi ^37100_ yachagua njia tulizopewa na jirani yetu Seacom; _15169$ yachagua zile ziishiazo Google. Mpaka usidharauliwe: ukiandika 4809 bila mpaka, hata 48091 itapita. Nayo ^$ ni orodha tupu, yaani njia za mtandao wetu wenyewe, kwani ruta huandika namba yake itangazapo nje tu.

Tarehe 12 Novemba 2018 kampuni ya MainOne ya Nigeria ilikosea kuweka vichujio vyake. Njia za Google ilizopewa kwa matumizi yake ikazitangazia China Telecom, nayo ikazieneza. Kwa dakika 74 habari nyingi ziendazo Google zikapotezwa njia. Kama MainOne ingaliruhusu kutoka njia zake na za wateja wake tu, orodha yenye 15169 isingalipita.

Hata hivyo, bawabu huyu husoma namba tu. Mwaka 2008 Pakistan Telecom ilitangaza anwani za YouTube kana kwamba ni zake, ikaandika namba yake halisi, 17557. Uongo wa namna hiyo ruwaza haiuoni. Ndiyo maana mafundi huweka pia orodha ya anwani ambazo kila mteja ana haki ya kuzitangaza.

Basi, wanafunzi wenzangu, mwalimu wa hisabati akisisitiza nukta na mabano, tumsikilize. Alama moja yaweza kupoteza njia za watu wengi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV