Istilahi za Bunduki ya Komeo na Shabaha ya Mbali

Miongoni mwa hati zinazomfikia mfasiri ziko zile zihusuzo bunduki: maombi ya leseni, orodha za forodha, kanuni za michezo ya shabaha, na vitabu vya maelekezo vifungwavyo pamoja na silaha yenyewe. Kwa kuwa hati hizi si nyingi, wafasiri hawajazizoea, na kila mmoja hujitungia maneno yake. Katika uwanja huu neno lililokosewa laweza kumpotosha ofisa wa leseni, kuharibu chombo cha watu, au kumjeruhi mtu jichoni. Makala haya yanachukua chombo kimoja, yaani bunduki ya bei nafuu inayoandaliwa kwa kulenga shabaha iliyo mbali, na kufuata jinsi inavyoandaliwa, huku tukilitazama kila neno mahali linapotumika. Mapendekezo ni ya mwandishi, na hayajasanifiwa.

Kulenga shabaha ya mbali ni mchezo wenye umri. Chama cha Uingereza kiliundwa mwaka 1859, nacho hufanya mashindano yake Bisley tangu 1890. Chama cha Marekani kiliundwa mwaka 1871, na uwanja wake wa mwanzo ulikuwa Creedmoor, karibu na mji wa New York. Umbali mashuhuri kuliko wote ni yadi 1000, yaani mita 914. Katika daraja la F, lililoanzia Kanada katika miaka ya 1990, mchezaji hulala kifudifudi, bunduki ikiwa imeegemezwa na kuvikwa darubini. Kwa kanuni za Marekani, duara la alama 10 katika umbali huo lina kipenyo cha inchi 10, yaani sentimita 25 na nusu. Ni sawa na sahani ndogo ya chakula, na mlengaji yuko karibu kilomita nzima kutoka hapo.

Bunduki inayotumika kwa kawaida ni ile ambayo mpigaji huifungua na kuifunga kwa mkono baada ya kila mlio. Kipande kinachofanya kazi hiyo wafasiri wengi wamekiita bolti. Neno hilo halifai hapa. Bolti kwa fundi yeyote wa Kiswahili ni msumari wa hesi unaokazwa kwa nati, na bunduki hii pia ina skrubu za namna hiyo. Mwenye kuambiwa “kaza bolti” atauliza ipi. Lakini kitu chenyewe si chochote ila komeo la mlango: husukumwa mbele, hugeuzwa, na meno yake huingia katika vishimo na kufunga. Kiswahili kina vitenzi vyake tayari, kukomea na kukomoa, na maelekezo yote ya kitabu hutimia kwa vitenzi hivyo viwili. Vijana wa siku hizi wamelipa neno kukomoa maana ya kumtesa mtu makusudi. Hilo lisitutishe, maana muktadha utalinda maana. Bunduki ya komeo si ngeni kwetu. Mauser za askari wa Kijerumani na Lee-Enfield za King's African Rifles zilikuwa za aina hii hii, na muundo wa Mauser wa mwaka 1898 ndio mzazi wa nyingi zinazouzwa leo.

Neno linaloleta madhara makubwa zaidi ni risasi. Asili yake ni jina la Kiarabu la madini ya risasi, na kwa hiyo maana yake ya kwanza katika bunduki ni kile kipande kinachoruka. Katika mazungumzo, hata hivyo, mtu husema “risasi” akimaanisha kitu kizima kinachotiwa katika bunduki: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kile kipande kilichochomekwa mdomoni. Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayohusu silaha na risasi hutajwa kwa maana hii pana. Katika sheria hapana dhara. Katika kitabu cha maelekezo dhara lipo, kwa sababu uzito wa risasi na uzito wa kitu kizima ni mambo mawili mbalimbali. Wazee wa pwani waliiita bunduki ijazwayo kwa nyuma “bunduki ya viasi”, kuitofautisha na gobori, na kiasi ndiyo hiki kitu kizima. Ningependa neno hilo lirudi, lakini nikijaribu kuandika “kiasi cha viasi vinavyoruhusiwa” naona kwamba muda wake umepita. Napendekeza katriji, na risasi ibaki kwa kile kinachoruka. Fataki na baruti zisiguswe. Ni kweli kwamba tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 nchini Tanzania fataki ni pia mtu mzima anayewanyemelea wasichana, lakini hakuna atakayemtafuta mtu huyo kitakoni mwa ganda la shaba.

Pamoja na hilo liko suala la kipimo ambacho Waingereza hukiita kwa jina la punje ya nafaka. Risasi huandikwa kuwa na uzito wa 168 au 175 wa kipimo hicho. Mfasiri mmoja huandika “punje 175”, na msomaji hajui ni punje za nini. Mwingine huona kifupisho cha herufi mbili juu ya boksi na kuandika “gramu 175”, uzito wa mayai matatu. Kipimo hicho ni miligramu 64.8 tu, na risasi ya 175 ina gramu 11.3. Baruti nayo hupimwa hivyo hivyo, na anayejaza katriji zake mwenyewe huangalia hata sehemu ya kumi ya kipimo hicho. Njia ya salama ni kuandika greni, kwa tahajia yetu, na kutaja gramu pembeni yake. Neno punje liachiwe umbo la baruti, ambalo kwa kweli ni punjepunje.

Kwa ofisa wa leseni jambo zito ni kaliba. Kaliba ni kipenyo cha ndani cha kasiba, basi. Fomu iliyojazwa “7.62” haijasema katriji ipi, maana ziko kadhaa zenye namba hiyo: ya milimita 7.62 kwa 39, ambayo ni ya AK, ya 7.62 kwa 51, na ya Kirusi ya 7.62 kwa 54. Zinatofautiana kwa urefu wa ganda na kwa nguvu, na haziwezi kubadilishana. Tena risasi yenyewe si lazima ilingane na namba: risasi ya katriji za 7.62 kwa 51 ina kipenyo cha milimita 7.82, kwa sababu namba ile imepimwa juu ya matuta yaliyomo ndani ya kasiba, na risasi hujibana katika michirizi iliyo kati yake. Fomu zetu zingefaa ziwe na nafasi mbili, moja ya kaliba na nyingine ya jina kamili la katriji kama lilivyochongwa juu ya kasiba.

Sasa tuitazame bunduki yenyewe. Mfano mzuri wa bei nafuu ni Savage 110, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1958. Unafuu wake watokana na namna kasiba inavyoshikwa kwa nati badala ya kukazwa moja kwa moja mpaka mwisho, hata fundi huweza kupata nafasi sahihi ya katriji chumbani kwa kuzungusha na kupima. Katriji za kuanzia huwa ni .308 Winchester ya mwaka 1952, ambayo hupatikana kwa urahisi, au 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, ambayo risasi yake nyembamba hukata upepo vizuri zaidi na teke lake begani ni dogo.

Nimetumia neno kasiba, na baadhi ya wasomaji wataniuliza kwa nini si mtutu. Maneno yote mawili ni mazuri. Kasiba ni bomba lote. Mtutu, kwa masikio ya wengi, huelekea mdomoni, kule moto unakotokea. Kwa kuwa kitabu cha maelekezo huhitaji kutaja bomba na mdomo wake mbalimbali, tuyagawanye hivyo. Sehemu ya chuma inayopokea komeo naiita kiwiliwili. Kitako kiwe ni kiunzi chote cha mti, plastiki au alumini kinachobeba bunduki, na sehemu igusayo bega iwe kisigino cha kitako.

Katika bunduki za bei nafuu kitako ndicho kilicho dhaifu. Kikiwa cha plastiki laini, hupinda bunduki inapoegemezwa juu ya miguu yake miwili, kikagusa kasiba upande mmoja, na risasi zikaanza kwenda ovyo. Kasiba hutakiwa isiguse kitako popote, kuanzia kiwiliwilini hadi mdomoni. Jaribio lake ni jepesi: kipande cha karatasi hupitishwa kati ya hivyo viwili, nacho kiteleze bila kukwama. Hali hiyo tuiite kasiba huru. Wako waliotafsiri kwa kitenzi cha kuelea, wakapata “kasiba inayoelea”, kana kwamba ni ngalawa. Kinyume chake, kiwiliwili hutakiwa kikalie kitako kwa uthabiti, na mafundi humimina gundi ngumu yenye unga wa chuma katikati ili kila uvungu ujae. Waingereza kazi hii huipa jina lilelile la matandiko ya kitanda, na nimepata kuona tafsiri iliyomwagiza mwenye bunduki “abadilishe matandiko”. Kukaliza kiwiliwili ni tafsiri ya kutosha.

Baada ya kukalizwa, skrubu hukazwa kwa bisibisi yenye kipimo. Hapa nawasihi wafasiri wawe waangalifu sana. Vitabu vya Marekani hutoa nguvu ya kukaza kwa pauni-inchi, na mafundi wetu wa magari wamezoea pauni-futi. Tofauti yake ni mara 12. Skrubu za pete za darubini hukazwa kwa pauni-inchi 20 hivi, yaani nyutoni-mita 2.3. Atakayesoma pauni-futi 20 atatia nguvu ya nyutoni-mita 27, na kama skrubu haikukatika, basi bomba la darubini limebonyea. Kosa hilo hutokana na neno moja lililodondoshwa, kwa kuwa mfasiri aliandika “pauni 20” akadhani yatosha.

Darubini huwekwa juu ya reli, ndani ya pete mbili. Kwa shabaha ya mbali reli hukatwa kwa mteremko kuelekea mbele, na mteremko huo huhesabiwa kwa dakika. Msomaji asiyejua ataona “reli ya dakika 20” akafikiri ni muda wa safari. Dakika hii ni ya pembe, moja kwa 60 ya digrii. Kwa mita 100 ni sentimita 2.9, na kwa mita 914 ni sentimita 26 na ushei. Darubini nyingine hutumia mili, ambayo ni moja kwa elfu, sentimita 10 kwa kila mita 100. Ikiwa bunduki ya .308 imelinganishwa kwa mita 100, risasi yake ya greni 175 itashuka takriban mita 10 kufikia yadi 1000, yaani kama dakika 38. Darubini yenye nafasi ya dakika 60 kwa jumla ina 30 tu za kupandia, haitoshi. Kwa reli ya dakika 20 inapata 50. Mfasiri anayeandika “dakika” aongeze “za pembe” walau mara ya kwanza.

Kifyatulio hakina maneno mengi, isipokuwa moja. “Uzito wa kifyatulio” si uzito wake kwenye mizani. Ni nguvu ya kidole inayotosha kukifyatua, na kwa bunduki ya namna hii kilo moja hivi hufaa. Ni afadhali kuandika nguvu ya kufyatua.

Limebaki neno la kulinganisha darubini na kasiba, jambo ambalo wengine huliita kuweka sifuri. Mlengaji hupiga risasi tano bila kugusa chochote. Matundu yakiwa karibu karibu, hata kama yote yako pembeni, bunduki ni njema. Tuseme ina ukaribiano, na tusiseme ina usahihi. Usahihi ni kuwa katikati ya shabaha, nao hupatikana kwa vifundo vya darubini. Kwa umbali mkubwa upepo huingilia: upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisogeza risasi ile ya .308 zaidi ya mita mbili kabla haijafika yadi 1000, nayo huwa hewani karibu sekunde mbili.

Juu ya vifundo huchongwa mshale na neno la Kiingereza lenye maana ya juu. Vitabu kadhaa vya Kiswahili vimelieleza kwa maneno “sogeza msalaba juu”. Ni kinyume. Mshale unaonyesha mahali risasi itakapopiga, na msalaba wa darubini huenda upande wa pili. Aliyepiga chini ya shabaha akifuata maelekezo hayo atazidi kupiga chini, na kwenye uwanja ambao mbele ya shabaha kuna mawe, risasi iliyogonga jiwe haijulikani iendako. Maelekezo yawe: “zungusha kufuata mshale ili risasi ipige juu zaidi”.